Mwanangu anataka kuacha shule awe bingwa wa shogi kama Habu. Je, hiyo ni kazi?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alianza na sataranji, sasa amehamia mchezo wa Kijapani uitwao shogi na anaucheza kwenye simu hadi usiku wa manane. Juzi kaniambia anataka kuacha shule ajiandae kwenda Japani. Eti kuna mtu anaitwa Habu alianza kucheza kwa kulipwa akiwa na miaka 15 kama yeye, akachukua mataji yote saba. Baba yake anasema huo ni mchezo wa barazani tu, kama bao. Nataka kujua: hiyo ni kazi kweli? Anayelipa ni nani? Na nasikia huyo Habu siku hizi anafungwa na vijana wadogo. Kama ni bingwa hivyo, mbona haachi akapumzika na heshima zake?"

Jibu: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefundisha watoto sataranji miaka mingi, na shogi imenipata ukubwani ikanishika barabara, kwa hiyo namwelewa kijana wako. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu anachokueleza ni kweli, ila amekueleza nusu yake.

Habu Yoshiharu (Wajapani hutanguliza jina la ukoo) alizaliwa Septemba 27, 1970, mji wa Tokorozawa, akakulia Hachioji, pembezoni mwa Tokyo. Desemba 1985, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya kati, aliingia rasmi katika safu ya wachezaji wa kulipwa. Alikuwa na miaka 15, hapo kijana hakukosea. Ila kabla ya Habu, waliofika hapo wakiwa shule ya kati walikuwa wawili tu: Kato Hifumi mwaka 1954 na Tanigawa Koji mwaka 1976. Baada yake wakaja Watanabe Akira mwaka 2000 na Fujii Sota mwaka 2016. Kuanzia 1954 hadi 2016 hao ni watu watano, katika nchi ambayo watoto wasiohesabika hufundishwa shogi na babu zao. Kijana wako amejipima kwa mmoja wa watano.

Baba yake naye, alipotaja bao, amegusa jambo asilolikusudia. Katika sataranji kete ikiliwa imekwenda, inalala pembeni ya ubao mpaka mchezo uishe. Katika bao la Kiswahili si hivyo: kete ulizokula unazitia upande wako, zinakuwa jeshi lako. Shogi ni ndugu wa bao kwa hilo. Kete unayoila inakuwa yako, na zamu yako ikifika unaweza kuidondosha karibu popote penye nafasi, hata mgongoni mwa mfalme wa mwenzako. Mzee anayejua kunamua ataielewa shogi haraka kuliko bingwa wa sataranji. Mwambie baba amkalishe kijana, wafundishane.

Hapa mezani pangu nina kete moja ya shogi, ile inayoitwa jenerali wa fedha. Ni kipande cha mbao chenye pembe tano, kama ukuta wa nyumba yenye paa la mgongo, chembamba mbele na kinene nyuma, na maandishi ya Kijapani juu yake. Pande zote mbili za mchezo zina rangi ileile. Mwenye kete unamjua kwa ncha: inamwelekea adui. Ukiila unaigeuza tu, na aliyekuwa askari wako jana anakutazama wewe leo. Ubao una miraba 81, kila upande una kete 20, na kwa kuwa hakuna kete inayotoka mchezoni moja kwa moja, mapigano yanazidi kuwa makali kadiri mchezo unavyosogea. Sare ni nadra. Karibu kila siku ya kazi mtu mmoja anakwenda nyumbani ameshindwa.

Hilo nakuomba ulishike, nitalirudia.

Sasa njia yenyewe. Habu alifundishwa shogi na mwanafunzi mwenzake wa darasa la kwanza. Wikiendi wazazi wake walikuwa wakimwacha kwenye klabu ya shogi ya Hachioji huku wao wakienda kununua mahitaji ya nyumbani, kisha wanampitia. Klabu hizo zina ngazi, na ya chini ina namba kubwa. Mwenye klabu alipomwona mtoto huyu mdogo anayefungwa na kila mtu, akamtungia ngazi ya 15, chini kabisa ya ile ambayo watu wa pale walikuwa wakianzia. Kwa nini? Ili mtoto awe na vidato vingi vya kupanda, kila majuma machache aone amesogea. Nimefundisha watoto wengi na sijaona hekima ya ualimu inayoizidi hiyo. Mwaka 1982 mtoto yule alishinda mashindano ya taifa ya shule za msingi, kofia nyekundu ya timu ya besiboli kichwani. Mama yake ndiye aliyemvalisha ili amwone kwa urahisi katikati ya umati wa watoto.

Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 12, aliingia Shoreikai. Hapa ndipo palipokosekana katika maelezo ya kijana wako.

Shoreikai ni chuo cha wanagenzi cha Chama cha Shogi cha Japani. Huingii bila mchezaji wa kulipwa kukubali kuwa mwalimu wako na kukudhamini. Mwalimu wa Habu alikuwa Futakami Tatsuya. Wanaoingia huwa wametamba mikoani kwao, hawajui kufungwa, na siku ya kwanza wanakutana na wengine kama wao. Humo ndani hulipwi mshahara, ada unatoa wewe. Unapanda kwa kuhesabiwa ushindi, unashuka kwa kuhesabiwa kushindwa. Ukifika daraja la tatu la juu, unaingia ligi ya wachezaji thelathini, arobaini hivi, inayochezwa mara mbili kwa mwaka, kila mmoja michezo 18. Wawili wa juu wanakuwa wachezaji wa kulipwa. Kwa hiyo kwa kawaida ni watu wanne kwa mwaka, nchi nzima.

Tena kuna saa inayogonga. Hujafika daraja la kwanza la juu ukitimiza miaka 21, unatoka. Hujavuka ligi ukitimiza miaka 26, unatoka, isipokuwa kama unamalizia msimu au unaendelea kushinda zaidi ya kushindwa, hapo wanakuongezea muda kidogo, mwisho kabisa miaka 29. Fikiria kijana ambaye tangu akiwa na miaka 11 hajafanya lingine, anaamka asubuhi ya miaka 26 na mlango umefungwa. Hana cheti cha kazi, hana uzoefu wa ofisi, marafiki zake wote wako upande wa pili wa mlango. Wengi wa wanaoingia Shoreikai huishia hivyo. Habu alizipita ngazi zote hizo kwa miaka mitatu tu, na ndiyo sababu hadithi yake inasikika rahisi.

Umeuliza nani analipa. Ni magazeti, mama. Zaidi ya karne sasa magazeti ya Japani yanachapisha michezo ya shogi hatua kwa hatua, pamoja na maelezo ya mtaalamu, na wasomaji wanaifuata kama wengine wanavyofuata hadithi ya mfululizo. Ili kupata michezo ya kuchapisha, magazeti yanadhamini mashindano. Yomiuri ndilo lenye taji la Ryuo, Asahi na Mainichi wanadhamini kwa pamoja taji la Meijin, na mengine vivyo hivyo. Anayetwaa Ryuo anapata zaidi ya yeni milioni 40 kwa taji hilo peke yake. Mwaka 1995 Habu alikusanya zaidi ya yeni milioni 165 za zawadi na ada za michezo, na rekodi hiyo ilidumu hadi 2023 Fujii Sota alipokusanya zaidi ya milioni 186.

Hao ni wa kileleni. Wachezaji wa kulipwa walio kazini ni kama 170 tu, na wengi wao wanaishi kwa ada za michezo za kiasi, wakiongeza kwa kufundisha, kuchambua michezo kwenye televisheni na kuandika vitabu. Wamepangwa kwenye madaraja matano, kuanzia la chini, C2, hadi A lenye watu kumi, na mshindi wa daraja A ndiye anayempinga mwenye taji la Meijin. Unapanda daraja moja kwa mwaka, hata uwe na kipaji gani. Ukifanya vibaya unashuka. Ukitoka kabisa chini, unahesabiwa miaka kumi, usiporudi unastaafishwa. Kwa hiyo ndiyo, ni kazi. Ni kazi yenye daftari linaloandikwa kila siku uliyoshinda na kila siku uliyofungwa, na kila mtu analisoma.

Sasa nikueleze Habu alivyoingia kwenye vinywa vya watu. Kombe la NHK, shirika la utangazaji la Japani, huonyeshwa kwenye televisheni, na katika msimu uliomalizika mwanzoni mwa 1989 Habu, kijana wa miaka 18, alikutanishwa mmoja baada ya mwingine na mabingwa wanne waliowahi kushika taji la Meijin: Oyama Yasuharu, Kato Hifumi, Tanigawa Koji na Nakahara Makoto. Aliwafunga wote wanne. Mchezo unaokumbukwa ni ule wa Kato, yuleyule aliyekuwa mtoto wa ajabu wa 1954. Mchezo ulipochacha, Habu alichukua jenerali wa fedha, kete kama hii ninayokuelezea, akaidondosha safu ya pili kutoka ukingo wa Kato, mahali ambapo kete mbili tofauti zingeweza kuila mara moja. Ukitazama haraka unadhani mtoto amekosea. Ukikaa nayo unaona: ikiliwa na hii, mfalme anakufa, ikiliwa na ile, mfalme anakufa, ikiachwa, pia. Kato aliitazama, na baada ya hatua chache akainama kukubali. Mimi nimeipanga hali ile ubaoni kwangu mara nyingi, na bado kila nikifika kwenye hatua hiyo mkono unasita kidogo kabla ya kuiweka.

Mwaka huohuo wa 1989 akatwaa Ryuo, taji lake la kwanza, akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata Tanigawa alimnyang'anya. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, anachukua, ananyang'anywa, anarudi.

Hayo mataji saba kijana anayoyataja yalikuwa Ryuo, Meijin, Kisei, Oi, Oza, Kio na Osho. Mwanzoni mwa 1995 Habu alikuwa na sita, akimkabili Tanigawa kwa la saba, Osho. Tanigawa ni mtu wa Kobe. Januari 17, mashindano yakiwa yanaendelea, tetemeko kubwa liliipiga Kobe na kuua maelfu ya watu. Tanigawa alitoka katika mji ule uliobomoka akaendelea kucheza, wakafika mchezo wa saba, na akashinda 4 kwa 3. Japani nzima ilimshangilia, na ilistahili.

Hebu fikiria sasa hali ya Habu. Ili apate nafasi nyingine ya kuchukua saba kwa pamoja, ilibidi atetee sita zote mwaka mzima, kila moja na mpinzani wake aliyenoa kisu, halafu apenye tena mashindano ya kumtafuta mpinzani wa Osho. Wengi walisema nafasi imepita, haiji mara mbili. Akatetea zote sita. Akapenya. Akamkuta Tanigawa tena, na Februari 14, 1996, mkoani Yamaguchi, akammaliza 4 kwa 0. Mataji saba mkononi mwa mtu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alikaa nayo siku 167. Julai 30, 1996 Miura Hiroyuki alimnyang'anya Kisei.

Hizo siku 167 ndizo kijana wako anazozijua. Mimi ningependa ajue zaidi mwaka 2008. Kwenye shogi ukishinda taji fulani mara nyingi za kutosha, unapewa heshima ya kulishika maisha, hata likiwa kwa mwingine. Mwaka huo Habu na Watanabe Akira walikutana kwenye Ryuo, na yeyote atakayeshinda angekuwa wa kwanza katika historia kupata heshima hiyo ya Ryuo. Michuano hiyo ya michezo saba huchezwa kwenye nyumba za wageni za kitamaduni mikoani, mchezo mmoja siku mbili, kila mmoja ana saa nane za kufikiri, wamevaa kimono. Jioni ya siku ya kwanza mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa ndani ya bahasha, na wote wanakwenda kulala na siri hiyo. Habu alishinda michezo mitatu ya kwanza. Alihitaji mmoja. Akafungwa wa nne, wa tano, wa sita, na wa saba, uliochezwa Desemba mjini Tendo, mji maarufu kwa kuchonga kete za shogi. Hakuna aliyewahi kupoteza mashindano ya taji ya michezo saba akiwa mbele 3 kwa 0. Habu ndiye alikuwa wa kwanza.

Na hapa ndipo nataka utazame kwa karibu, mama, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Shogi haisubiri mfalme akamatwe. Aliyeshindwa ndiye anayeutangaza mwisho. Anaweka mkono juu ya kibao kidogo cha kete alizokula, anainama, anasema "makemashita", nimeshindwa. Mwenzake anainama pia. Hakuna kurusha mikono. Mara nyingi kuna kimya kirefu. Halafu, na hili liliponishangaza mara ya kwanza nilikaa nikalifikiria siku nzima, hawaondoki. Wanazirudisha kete na kuanza kuupitia mchezo uleule pamoja: hapa ulifikiria nini, hapa ningeweka jenerali wa dhahabu ungefanyaje. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, usiku, miguu imekufa ganzi. Aliyepoteza taji dakika kumi zilizopita anamsaidia aliyemnyang'anya kutafuta ukweli wa mchezo. Habu alifanya hivyo Tendo. Alifanya hivyo baada ya kila kushindwa, na katika maisha yake ya kazi ameshindwa zaidi ya michezo 600.

Ilimchukua miaka tisa. Desemba 5, 2017, akiwa na miaka 47, alimfunga Watanabe huyohuyo 4 kwa 1 pale Ibusuki, mkoa wa Kagoshima, akapata heshima ya kudumu ya Ryuo na kukamilisha heshima za kudumu za mataji yale saba. Mwaka huohuo programu ya kompyuta iitwayo Ponanza ilikuwa imemfunga mwenye taji la Meijin michezo yote miwili, na vijana walikuwa wakisomea kwa mashine. Habu wa miaka 47 alikuwa amekaa chini kujifunza upya mambo aliyoyajua tangu utoto. Februari 2018 serikali ilimpa Tuzo ya Heshima ya Taifa, pamoja na Iyama Yuta, bingwa wa go, mchezo mwingine wa ubao.

Mwisho wa mwaka huo alikuwa na mataji 99 kwa jumla. Kutetea Ryuo kungekuwa la 100. Kushindwa kungemwacha bila taji hata moja, kwa mara ya kwanza katika miaka 27. Mia au sifuri, kwa mchezo mmoja. Desemba 21, 2018, Shimonoseki, alishindwa na Hirose Akihito. Alikuwa na haki ya kuitwa "Ryuo aliyepita". Hakuitaka, akachagua aitwe kwa cheo chake tu, dani ya 9, kama mchezaji mwingine yeyote wa cheo hicho. Desemba hiyohiyo klabu ile ya Hachioji aliyotungiwa ngazi ya 15 ilifunga milango yake.

Umeuliza mbona haachi. Juni 2019 alishinda mchezo wa 1,434 na kumpita Oyama kwa wingi wa ushindi. Mwaka 2022 alishuka kutoka daraja A baada ya kukaa kileleni misimu 29 mfululizo. Wengi tuliona jua limezama. Miezi michache baadaye aliwashinda vijana wa kileleni mmoja mmoja akapata haki ya kumpinga Fujii Sota kwa Osho, mwanzoni mwa 2023: Habu miaka 52, Fujii miaka 20. Alishinda michezo miwili, akapoteza minne. Juni 2023 akachaguliwa kuwa rais wa Chama cha Shogi, akaushika uongozi hadi Juni 2025 huku akiendelea kucheza. Watu wanaomfuata wanajua kwamba akiuona ushindi, vidole vyake hutetemeka anapoiweka kete. Mtu aliyeshinda michezo zaidi ya 1,400, na mkono bado unatetemeka. Mtu huyo utamwambiaje aache?

Na usimdhanie yeye ni wa pekee. Oyama alikufa 1992 akiwa na miaka 69 na bado yuko daraja A. Kato, yule wa jenerali wa fedha, alicheza kutoka miaka 14 hadi 77. Desemba 2016, akiwa na miaka 76, alikaa mbele ya mtoto wa miaka 14 anayecheza mchezo wake wa kwanza wa kulipwa. Mtoto huyo alikuwa Fujii Sota. Kato akafungwa, na huo ukawa wa kwanza kati ya ushindi 29 mfululizo wa Fujii, rekodi. Kato alistaafu 2017 akiwa na michezo 1,180 aliyopoteza, mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya mchezo huo hadi siku hiyo. Alifungwa na Habu mdogo, akafungwa na Fujii mdogo, na alikuwa mtu wa kuheshimiwa sana. Kwa Wajapani wa shogi, kufungwa na kijana si aibu ya mzee. Mzee ndiye mlango ambao kijana anapita.

Sasa turudi nyumbani kwako. Nitakuambia wazi ninavyoona.

Asiache shule. Kwa miaka 15 amechelewa Shoreikai. Wenzake wanaingia na miaka 10 hadi 13, wakiwa tayari wameshinda mashindano ya mikoa na wana mwalimu wa kuwadhamini. Mambo yote huko huendeshwa kwa Kijapani. Wala asikudanganye kwamba mabingwa hawasomi. Habu aliendelea na sekondari ya juu, michezo ilipomkosesha vipindi akahamia masomo ya posta na akamaliza. Fujii kweli aliacha sekondari mwanzoni mwa 2021, miezi michache kabla ya kumaliza, lakini wakati huo alikuwa tayari ana mataji mawili mkononi. Kijana wetu akiwa na mataji mawili, aje tuzungumze.

Lakini usimfungie mlango pia. Karolina Styczyńska wa Poland alianza kwa kucheza kwenye intaneti kama mwanao, wachezaji wa Japani wakamwona, akaenda kusoma chuo kikuu huko Yamanashi, na mwaka 2017 akawa mgeni wa kwanza kuingia safu ya wanawake wa kulipwa, ambayo ni tofauti na ile ya akina Habu na ina njia yake. Ona mpangilio: shule ndiyo iliyompa makazi Japani. Na kuna Segawa Shoji. Huyu alitolewa Shoreikai mwaka 1996 kwa kufikisha umri wa miaka 26. Akaenda chuo kikuu, akaajiriwa kampuni ya kompyuta, akarudi kucheza kwa mapenzi tu jioni na wikiendi. Akaanza kuwafunga wachezaji wa kulipwa. Mwaka 2005 akaomba rasmi apimwe tena, Chama kikampangia michezo sita, atimize ushindi mitatu. Novemba mwaka huo akautimiza, akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 35, na tangu hapo mtihani wa namna hiyo ukawekewa utaratibu. Kilichomshikilia katikati ya milango hiyo miwili ni kazi aliyokuwa nayo.

Kwa sasa mtengee muda: saa moja baada ya kazi za shule, na wikiendi zaidi kidogo. Simu usiku wa manane hapana. Mchezo wa haraka wa usiku unafundisha mkono kukimbia, haufundishi kichwa kufikiri. Ampate mtu wa kukaa naye uso kwa uso, hata akiwa mcheza sataranji, hata akiwa baba yake na bao.

Na Jumamosi hii mwombe jambo moja. Asikuonyeshe mchezo alioshinda. Huo atakuonyesha hata usipomwomba. Mwambie akuonyeshe mmoja alioshindwa, auweke mezani hatua kwa hatua, akueleze ni wapi hasa ulipoanza kumponyoka na kwa nini. Huhitaji kujua kanuni kumsikiliza. Akikuambia mtandao ulikatika, au mwenzake alibahatisha, utajua bado. Akikuonyesha kete na kusema "hapa, mama, nilikuwa na haraka", basi chukua karatasi, mwambie auandike mchezo huo wote, unitumie. Nitaupanga ubaoni kwangu na kumjibu yeye mwenyewe.